Roosevelt: rais aliyeacha kiti na miaka 50, akarudi kuwa mwanafunzi wa pori

Tarehe 4 mwezi wa 3 mwaka wa 1909, Theodore Roosevelt alitoka White House kule Washington. Alikuwa na miaka 50 tu, na hakuna mtu aliyemfukuza. Mwaka wa 1904, usiku ule ule wa kushinda uchaguzi, alitangaza kwamba hatagombea tena, na wengi walifikiri ni maneno ya furaha ya usiku mmoja. Miaka ikapita, akatimiza. Wasomaji wetu wanajua vile ni nadra, hapa kwetu na hata kwingineko, kuona mkubwa wa inchi akitoka kwenye kiti wakati watu bado wanamshangilia. Nyuma ya siku 19 akapanda meli New York, yeye na mtoto wake Kermit wa miaka 19, safari ya Mombasa.

Kwa nini pori, na siyo kukaa kwenye baraza la nyumba akipokea wageni? Tuanzie mbali kidogo.

Roosevelt alizaliwa New York tarehe 27 mwezi wa 10 mwaka wa 1858, katika familia ya watu wenye mali. Alikuwa mtoto mgonjwa. Pumu ilimkaba usiku, baba yake akimbeba mikononi akitembea naye ndani ya nyumba. Macho pia yalikuwa mabovu. Lakini kijana yule alipenda wanyama kupita kiasi. Akiwa bado mdogo sana aliona maiti ya sili sokoni, akaomba, akaomba, mpaka akapata kichwa chake, akaanza nacho makumbusho yake mwenyewe chumbani. Panya, ndege, chura, mayai, vyote alivikausha na kuviandikia majina. Alipoingia Harvard alitaka kuwa mtaalamu wa viumbe. Siasa ilimpokonya ile ndoto, na aliikumbuka maisha yake yote.

Mwaka wa 1884, tarehe 14 mwezi wa 2, mama yake na mke wake walikufa siku moja, ndani ya nyumba moja. Akakimbilia Dakota, magharibi ya Marekani, kufuga ngombe. Huko ndiko aliona kwa macho yake namna nyati wa Marekani, waliokuwa mamilioni, walikuwa wamemalizwa na bunduki. Miaka michache mbele, hesabu ilionyesha wamebaki karibu 1,000 tu. Kuanzia hapo akawa mtu mwenye nafsi mbili: mwindaji ambaye hawezi kuacha bunduki, na mtu anayeogopa kabisa siku ambapo hakutakuwa tena kitu cha kuwinda.

Alipokuwa rais, kuanzia mwaka wa 1901, alitumia mamlaka yake vibaya sana, wakisema maadui wake, na vizuri sana, wakisema wengine. Alifunga mapori 150 chini ya ulinzi wa serikali, akaweka fasi 51 za kulinda ndege, mbuga 5 za taifa, na makumbusho 18 ya asili ikiwemo bonde kubwa la Grand Canyon. Jumla ni karibu kilometa za mraba 930,000. Ukiziweka juu ya ramani ya Kongo, zinafunika zaidi ya theluthi moja ya inchi yetu. Lakini sehemu kubwa ya ardhi ile ilikuwa na wenyewe, makabila ya Wahindi wa Marekani, na wao hawakuulizwa. Wale wanaojua historia ya Batwa na mbuga ya Kahuzi-Biega hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa turudi kwenye meli.

Wakati ule Marekani haikuwa inalipa rais aliyestaafu hata senti moja. Sheria ya kuwapa malipo ya uzeeni ilikuja mwaka wa 1958. Huku kwetu tunajua walimu na wafanyakazi wa serikali wanaoendelea kuja kazini wakiwa wazee kabisa, juu ya kuogopa kuingia retrete mikono mitupu. Roosevelt hakuwa katika hali ile, tuseme ukweli: alikuwa na nyumba na urithi. Hata hivyo aliamua kuishi kwa kalamu. Kampuni ya vitabu ya Scribner ilimpa dola 50,000 ili aandike habari za safari, na tajiri Andrew Carnegie akasaidia kulipa gharama za wataalamu. Ni kusema, alistaafu mapema, lakini kazi ya mikono na kichwa haikusimama hata siku moja.

Safari ilikuwa ya makumbusho ya Smithsonian ya Washington. Wataalamu watatu waliandamana naye: Edgar Mearns, Edmund Heller na Alden Loring. Walifika Mombasa tarehe 21 mwezi wa 4, wakapanda gari la moshi la Uganda, na rais mstaafu akaketi mbele kabisa ya kichwa cha gari, kwenye kiti kilichofungwa pale, ili aone wanyama vizuri. Nyuma yake wapagazi zaidi ya 200 walibeba mahema, chakula na chumvi. Chumvi peke yake ilikuwa tani 4, ya kukausha ngozi. Watu hawa wapagazi ndio walioifanya safari iwezekane, na katika vitabu wengi wao hawana jina. Wachache wanajulikana, kama vile Juma Yohari, aliyebeba bunduki ya Kermit. Roosevelt aliwasifu kwa nguvu na uaminifu, lakini aliwaandika kama watoto, kwa dharau ile ya wazungu wa wakati wake. Inasemekana wao nao walimpa jina pembeni, Bwana Tumbo. Mbele yake lakini walimwita kwa jina la heshima.

Kati ya mizigo yote kulikuwa sanduku moja la aluminiamu, uzito wa mtu mmoja kubeba. Ndani yake vitabu karibu 60, vyote vimevishwa ngozi ya nguruwe ili visiharibiwe na jasho, damu na mafuta ya bunduki. Biblia, Shakespeare, Homer na wengine. Alisoma kila fasi: chini ya mti saa sita za mchana, ndani ya hema usiku, hata kando ya mnyama aliyekufa akingoja wapagazi wafike. Na hakusoma tu. Kila mnyama aliyeuawa alipimwa, tumbo likafunguliwa kujua alikula nini, rangi yake ikaandikwa, tabia yake pia. Miaka mitano nyuma yake, yaani 1914, yeye na Heller walitoa vitabu viwili vikubwa juu ya maisha ya wanyama wa Afrika. Katikati, mwaka wa 1911, aliandika pia uchunguzi mrefu akibishana na wataalamu juu ya rangi za wanyama, kama kweli zinawaficha ao hapana. Mtu aliyekuwa rais, anabishana juu ya milia ya punda milia! Lakini alisikilizwa, kwani alikuwa ameketi porini akiangalia.

Kwenye uwanda wa Uasin Gishu, Kenya, alikutana na Carl Akeley, fundi wa kukausha wanyama wa makumbusho ya New York, akamsaidia kupata tembo. Jina la Akeley watu wa Rutshuru na Goma wanaweza kulikumbuka. Ndiye aliyekuja baadaye, 1921, kuua sokwe kwenye mlima Mikeno, kisha akageuka na kumsihi Mfalme Albert awalinde. Mbuga ya Albert, Virunga ya leo, ilizaliwa 1925. Akeley alikufa Mikeno mwaka uliofuata na alizikwa palepale.

Mwanzoni mwa 1910, msafara ulipita Uganda, ukafika Butiaba kwenye Ziwa Albert, ziwa lile lile la wavuvi wa Kasenyi na Tchomia. Wakapanda mashua, wakateremka mto Nile mpaka ngambo ya magharibi, kwenye kipande kilichoitwa Lado. Siyo mbali na Aru yetu ya leo. Mfalme Leopold II alikuwa amekipangisha kwa Waingereza, na masharti yalikuwa kwamba akifa kitarudi kwao. Leopold alikufa tarehe 17 mwezi wa 12 mwaka wa 1909. Roosevelt alifika wiki chache nyuma, wakati utawala ulikuwa bado wa upande wa Kongo. Alikuja kwa ajili ya mnyama mmoja: kifaru mweupe wa kaskazini.

Alijua vizuri sana alichokuwa anakitafuta. Alijua ya kama kusini mwa Afrika kifaru mweupe alikuwa karibu kuisha kabisa. Yeye na Kermit waliua 9. Fasi ile inaitwa mpaka leo Rhino Camp, kambi ya vifaru, na iko upande wa Uganda. Katika safari nzima baba aliua wanyama wakubwa 296 na mtoto 216. Alijitetea kwamba wangeweza kuua wengi zaidi, na kwamba walichukua tu kwa ajili ya makumbusho na chakula cha watu. Wataalamu wa wakati ule waliona ni afadhali kuweka ngozi na mifupa kabla mnyama hajatoweka. Mimi naona sababu hiyo inasimama kwa mguu mmoja. Kifaru mmoja ao wawili, sawa. Lakini 9, kwa mtu aliyeona nyati wa Dakota wakiisha?

Jambo la kushangaza, ilikuwa kule kule Lado, mwezi ule ule, mjumbe alimletea habari kutoka kwao: rais mpya, Taft, rafiki yake aliyemwachia kiti, amemfukuza Gifford Pinchot, mkubwa wa mapori ya serikali. Kazi ya miaka 7 ilianza kubomolewa, na yeye yuko Nile na bunduki. Habari ile ilimkata moyo. Pinchot alimfuata mpaka Italia kumweleza yote, na aliporudi New York mwezi wa 6, urafiki na Taft ulikuwa umeanza kufa.

Hapo alifanya kitu ambacho ninaona ni udhaifu wa maisha yake yote ya kustaafu: alishindwa kukaa mbali na kiti. Mwaka wa 1912 aligombea tena, akiwa na chama chake kipya. Alipigwa risasi kifuani Milwaukee. Karatasi za hotuba na kasha la miwani zilipunguza nguvu ya risasi, akahutubia zaidi ya saa moja kabla ya kwenda hospitali. Alishindwa hata hivyo, ingawa alimshinda Taft.

Kwa hiyo akarudi porini. Mwaka wa 1914, na miaka 55, aliingia Brazil pamoja na Kanali Cândido Rondon, kwenye mto ambao hakuna ramani iliyoonyesha unaishia wapi. Rondon alikuwa na damu ya Wahindi wa kule, na aliwakataza askari wake kuwaua hata wakishambuliwa. Mitumbwi ilivunjika kwenye maporomoko. Mtu mmoja alizama, mwingine aliuawa na mwenzake. Roosevelt aliumia mguu, kidonda kikaoza, homa ikampanda, akaomba waendelee wamwache. Kermit alikataa. Walitoka nyuma ya miezi 2, mzee akiwa amepungua karibu kilo 25. Mto ule sasa una jina lake. Afya yake haikurudi tena, na alikufa usingizini tarehe 6 mwezi wa 1 mwaka wa 1919, miaka 60.

Vifaru weupe wa kaskazini walibaki kwetu muda mrefu kuliko fasi nyingine yoyote. Mbuga ya Garamba, Haut-Uélé, iliundwa 1938, na miaka ya 1960 walikuwa zaidi ya 1,000. Kisha vita, kisha wawindaji haramu: mwaka wa 1984 walihesabiwa 15. Walinzi waliwapandisha mpaka karibu 30, halafu bunduki zikarudi, na tangu kama 2006 hakuna aliyewaona tena porini. Dume la mwisho, Sudan, lilikufa Kenya mwezi wa 3 mwaka wa 2018. Yamebaki majike mawili, Najin na Fatu, chini ya ulinzi usiku na mchana. Mwezi wa 6 mwaka wa 2023, vifaru weupe 16 vililetwa Garamba kwa ndege. Ni wa aina ya kusini, wale ambao Roosevelt aliamini karibu wameisha.