Goodyear alivumbua, wengine wakala

Jina Goodyear umeliona kwenye tairi, labda ukadhani mwenyewe alikuwa bilionea. Wapi! Kampuni hiyo ya Marekani ilianzishwa 1898, Charles Goodyear akiwa kaburini miaka 38. Walichukua jina tu, kwa heshima.

Alizaliwa Connecticut, 1800. Biashara ilimwangukia, akafungwa kwa madeni, na hata jela alikuwa akikandakanda mpira. Mpira wa siku hizo ulikuwa noma: joto likizidi unayeyuka na kunuka, baridi ikija unakakamaa. Mwaka wa 1839 akagundua kwamba ukiuchanganya na salfa kisha ukaupitisha kwenye moto mkali, unatulia. Raba ulizovaa zinadai shukrani hapo.

Sasa tega sikio. Kabla hajaulinda uvumbuzi huo Uingereza, vipande vya mpira wake vilipelekwa huko kutafuta wanunuzi. Vikamfikia Thomas Hancock, fundi aliyekuwa amehangaika na mpira zaidi ya miaka 20, naye akanusa salfa. Akachapa kazi, akawasilisha ombi la hataza, ile hati ya kulinda uvumbuzi, Novemba 1843. Goodyear alipobisha hodi 1844, alikuta amechelewa wiki chache tu. Unaweza kumwita Hancock mwizi, lakini sheria ilimpa haki aliyetangulia ofisini. Marekani Goodyear alipata hataza yake Juni mwaka huo, ila hati ya nchi moja haivuki mpaka, bana. Hata wewe ukisajili KIPI pekee, Marekani hawakujui.

Nyumbani nako, leseni. Alizitoa kwa bei ya kutupa, maana njaa haisubiri wakili. Horace Day alipewa leseni ya bidhaa za aina moja, akatengeneza hadi zile asizoruhusiwa. Kesi ikaamuliwa 1852: Goodyear, akitetewa na Daniel Webster, waziri wa mambo ya nje, akashinda. Mfuko haukujaa. Ufaransa walifuta hataza yake kwa kuwa mpira huo ulishauzwa kwao kabla hajaomba. Mwaka wa 1855 akawekwa ndani Paris kwa deni, na nishani ya heshima ya Ufaransa ikamkuta humo humo.

Alifariki New York, Julai 1860, akiwa safarini kumwona bintiye mahututi. Alipofika mjini aliambiwa binti ameshafariki. Madeni aliyoacha yalikuwa kama dola 200,000.