Louis Braille na Elimu ya Ncha ya Kidole

Kisiwani Pemba, msimu wa karafuu ukifika, jamaa huketi jioni kuchambua, karafuu huku na makonyo kule, na mikono huendelea na kazi hali macho yamewaelekea wazungumzaji. Ncha ya kidole yajua mengi bila kuongozwa na jicho. Twalikumbuka jambo hilo kwa kuwa twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu aliyejenga elimu nzima juu ya ncha ya kidole. Tena kwa kuwa wako vijana wa Pemba, na wa kwingine nchini, waingiao vyuoni leo bila kuweza kusoma kitabu kilichopigwa chapa kwa namna ya kawaida.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari, 1809, katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya Paris, nchini Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Mtoto alipokuwa na miaka mitatu aliingia karakanani, akashika chombo cha kutobolea ngozi kama alivyozoea kumwona baba yake akifanya. Chombo kikateleza, kikamchoma jicho. Jicho likafanya usaha, maradhi yakahamia jicho la pili, na alipotimiza miaka mitano alikuwa haoni kabisa.

Wazazi wake hawakumficha. Twalisema hili kwa kusudi, maana hata leo wako wamfungiao mtoto wa namna hiyo ndani ya nyumba, wakidhani ndiyo huruma. Paroko wa kijiji, Padre Jacques Palluy, alimfundisha, na mwalimu akampokea darasani pamoja na watoto waonao. Alijifunza kwa kusikia tu, na wengi wenye macho akawapita. Mwezi wa Februari 1819, akiwa mwenye miaka kumi, alipelekwa Paris katika shule ya vijana wasioona iliyoanzishwa na Bwana Valentin Haüy.

Shule ile ilikuwa na vitabu, navyo vilikuwa fahari yake. Bwana Haüy alikuwa amebuni njia ya kuinua herufi za kawaida juu ya karatasi nene, ili zipapaswe. Lilikuwa wazo la mtu mwema. Walakini herufi zile ziliumbwa kwa ajili ya jicho. Kidole kililazimika kuizunguka kila moja, na msomaji alipofika mwisho wa sentensi alikuwa karibu kuusahau mwanzo wake. Vitabu vyenyewe vilikuwa vizito mno na vya gharama kubwa. Kibaya zaidi, mwanafunzi hakuweza kuandika kwa njia hiyo. Alikuwa mtu wa kupokea tu.

Mwaka wa 1821 Bwana Charles Barbier, aliyekuwa afisa wa jeshi, aliileta shuleni namna ya kuandika kwa nukta zilizotuna. Kila alama yake iliweza kuwa na nukta hata 12, zisizoenea chini ya kidole kimoja, nazo zilionyesha sauti tu, pasipo herufi wala vituo. Kijana Braille aliishika njia hiyo, akaihangaikia usiku na wakati wa likizo, na mwaka wa 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa ameipata yake: nukta sita, safu mbili za tatu tatu, zitoshazo chini ya ncha ya kidole mara moja. Kwa nukta hizo sita hupatikana alama 63, za herufi, tarakimu, vituo na hata muziki. Alitoa kitabu cha kuieleza njia hiyo mwaka wa 1829. Herufi w haikuwamo katika mpango wa kwanza, kwa kuwa Wafaransa hawakuihitaji, iliongezwa baadaye. Mswahili asingefika mbali bila herufi hiyo!

Kwa kibao na kijiti chenye ncha, asiyeona sasa aliweza kujiandikia mwenyewe na kuyasoma aliyoyaandika. Hapo ndipo, kwa maoni yetu, ulipo ukuu wa kazi yake.

Alifanywa mwalimu katika shule ile ile, akapiga kinanda makanisani mwa Paris, akaugua kifua kikuu kwa miaka mingi. Husimuliwa kwamba alipofariki lilionekana sanduku lililojaa hati za madeni ya wanafunzi wake, naye alikuwa ameagiza zichomwe moto.

Lakini mwaka wa 1840 shule ilipata mkuu mpya, Bwana Dufau, naye akazipiga marufuku nukta; vitabu vikachomwa. Hakuwa mtu wa shari. Aliona kwamba maandishi wasiyoyajua wenye macho yatawatenga wasioona na watu wengine. Hoja hiyo yasikika kuwa ya busara, mpaka uulize ni nani aliyepaswa kusoma. Wanafunzi waliendelea kuandika kwa siri, na msaidizi wa mkuu, Bwana Guadet, akawatetea hata mkuu akageuka; mwaka wa 1844 nukta zilionyeshwa hadharani, shule ilipofungua jengo lake jipya. Braille alifariki tarehe 6 Januari, 1852, siku ya Epifania, akiwa na miaka 43. Ufaransa iliyakubali rasmi maandishi yake mwaka wa 1854. Kwetu, shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka wa 1950.

Sasa tumfikirie mwanafunzi wa Pemba aliyevuka bahari kwenda chuoni Unguja au Bara. Huenda haoni, huenda aona, lakini herufi humchanganyikia, nayo ni hali ijulikanayo na wataalamu, wala si uvivu. Siku hizi kompyuta yaweza kumsomea kwa sauti, na kipo kitabu cha sauti kilichopangwa hata msikilizaji aweza kuruka mpaka sura autakayo. Walakini mara nyingi apewacho ni kurasa zilizopigwa picha. Kwa mwenye macho ni kitabu kamili. Kwa kompyuta isomayo kwa sauti, picha tupu, isiyo na neno hata moja. Ni herufi za Bwana Haüy tena, zilizotengenezwa kwa nia njema na mtu asiyezihitaji.

Sheria si kizuizi kikubwa kama zamani. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka wa 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka wa 2020, waziruhusu nchi wanachama kutengeneza nakala za vitabu kwa ajili ya wasioona na wengine wasioweza kusoma chapa, na kupelekeana nakala hizo, bila kuomba ruhusa ya mwenye kitabu kila mara. Kilichobaki ni kazi ya vyuo. Kuandika upya kitabu kimoja kwa nukta, au kukisafisha kisomeke na kompyuta, huchukua majuma mengi. Mhadhiri atoaye orodha ya vitabu siku ya kwanza ya muhula amekwisha kumchelewesha mwanafunzi huyu, hata akiwa mpole namna gani. Tangu Braille alipoikamilisha njia yake hata Ufaransa ilipoikubali ilipita miaka 30. Shahada ya kwanza kwa kawaida ni miaka mitatu, na mtihani wa muhula haumngojei mtu.