Alfred Lion: Mkimbizi Aliyeipa Dunia Saundi ya Blue Note

Kama wewe ni wale watu wa kuzima taa usiku, unavaa hedifoni ndio usikie vizuri vile besi inatembea, basi kuna jina unafaa kulijua: Alfred Lion. Huyu buda hakuwa msanii wala fundi wa mitambo. Lakini wasee wanaosaka lebo zenye saundi safi kabisa, wakifika upande wa jazi, wengi huanzia kwa ile aliyoanzisha yeye. Inaitwa Blue Note.

Lion alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka wa 1908, kwa familia ya Kiyahudi. Mwaka wa 1925, akiwa bado kijana, bendi ya Sam Wooding kutoka Marekani ilitua Berlin. Mtoi wa watu akaskia jazi, na hakupona tena.

Akaamua lazima afike New York. Alifika kweli, akaanza kuhasol bandarini. Lakini kuna mfanyakazi mmoja hakutaka kuona wageni wakichukua kazi, akamchapa vibaya hadi akalazwa hosi. Ndoto ikakatika, akarudi nyumbani. Mwaka wa 1933 Hitler akashika serikali, na Ujerumani ikawa noma kwa kila Myahudi. Lion akatoka tena, akazunguka, na mwishoni mwa miaka ya 1930 akawa amerudi New York kuishi.

Tarehe 23 Desemba 1938 alienda shoo Carnegie Hall. Hapo akaskia wapiga piano wawili, Albert Ammons na Meade Lux Lewis, na wakammaliza. Wiki mbili tu zikapita. Tarehe 6 Januari 1939 alikodi studio, akawaweka mbele ya piano na kuwaacha wapige vile wanajua. Doh za kuanza zilitoka kwa rafiki yake Max Margulis, na santuri walizochapa zilikuwa chache tu. Hivyo ndivyo Blue Note ilizaliwa. Mwaka huo huo, beshte yake wa utotoni, Francis Wolff, akatoroka Ujerumani vita vikianza. Wolff alikuwa mpiga picha. Wakimbizi wawili wakaanza kusukuma lebo pamoja.

Sasa, saundi kali ilitoka wapi? Kwanza, mazoezi. Lebo nyingi ndogo ziliingiza wanamuziki studio siku hiyo hiyo, wanapiga, wanaenda. Lion alikuwa analipia siku za mazoezi kabla ya kurekodi, na kwa studio hakukosi kitu ya kukula na kukunywa. Msee ameshiba, anajua ngoma yake, anapiga akiwa ametulia. Hiyo utaiskia kwa rekodi.

Pili, Rudy Van Gelder. Mchana huyu jamaa alikuwa anapima watu macho, jioni anarekodi muziki sebuleni kwa wazazi wake huko Hackensack, New Jersey. Lion alimpata mapema miaka ya 1950 na hakumwachilia. Van Gelder aliweka maikrofoni karibu na vyombo, ndio maana tarumbeta inakuwa kama iko mbele ya uso wako. Mwaka wa 1959 akajenga studio yake Englewood Cliffs, yenye dari ya juu kama ya kanisa.

Tatu, Lion hakuwa anakimbiza hiti. Alimrekodi Thelonious Monk kuanzia 1947, wakati watu wengi waliona piano yake ni ya ajabu. Santuri hazikuuza. Lion akaendelea kumrekodi kwa miaka, akitoa ganji ambayo hakuwa nayo nyingi. Leo Monk anahesabiwa kati ya wakubwa kabisa wa jazi.

Kinaya ni kwamba kilichombana mwishowe ni mafanikio. Mwaka wa 1964 The Sidewinder ya Lee Morgan ililipuka. Kwa lebo ndogo hiyo ni presha: unalipa kuchapa santuri leo, wauzaji wanakulipa baadaye, na bado wanataka hiti ingine kesho. Lion alikuwa amechoka. Mwaka wa 1965 Blue Note ikauzwa kwa Liberty Records. Mwaka wa 1967, moyo ukimsumbua, aliachana na biashara na kuhamia Mexico.

Akapotea kabisa, lakini muziki haukupotea. Blue Note ilifufuliwa mwaka wa 1985, na mwaka uliofuata Lion alialikwa tamasha la Mount Fuji, Japani, mashabiki wakampokea kama staa. Alikufa tarehe 2 Februari 1987, akiwa na miaka 78.

Mbogi ya hip hop ndio ilimalizia kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kundi la Us3 kutoka Uingereza lilichukua ngoma ya Herbie Hancock ya 1964, Cantaloupe Island, likaijengea biti na kutoa Cantaloop. Wengi waliijua Blue Note kupitia hapo.

Ukitaka kujaribu, anza na Blue Train ya John Coltrane (1957) au Moanin' ya Art Blakey (1958). Ukipatana na santuri yenyewe, usiangalie gamba peke yake. Angalia ile sehemu laini karibu na lebo ya katikati. Ukiona RVG au Van Gelder, jua yeye mwenyewe ndiye alikata sahani mama ya kuchapia. Kama ni mpya, tafuta zile za Tone Poet, zilizoanza kutoka 2019 na zinatengenezwa kutoka kwa tepu za mwanzo.

Weka hiyo ngoma, funga macho, uskie vile kila chombo kiko mahali pake. Halafu utuambie: ni lebo gani ya huku kwetu inalipia wasanii wake mazoezi?