Kamante Gatura, mpishi aliyetunza mapishi yake yote kichwani

Mwaka 1928 mtoto wa mfalme wa Uingereza alikuwa ziarani Kenya. Jioni moja alialikwa kula chakula katika nyumba iliyokuwa kwenye shamba la kahawa, chini ya vilima vya Ngong, karibu na Nairobi. Mgeni huyo alikula, akasifu chakula, na akaitaja hasa sosi iliyoletwa pamoja na nyama ya nguruwe.

Aliyeipika sosi hiyo hakuwapo mezani. Alikuwa jikoni. Alikuwa kijana wa Kikuyu ambaye hajatimiza miaka 20, hajui kusoma wala kuandika, na miaka michache tu nyuma alikuwa mchunga mbuzi mwenye vidonda vilivyofunika miguu yote miwili. Jina lake ni Kamante Gatura. Wengine huliandika Kamande, lakini duniani anajulikana zaidi kwa jina la Kamante.

Hapa Morogoro chakula ni kazi ya watu wengi. Mboga za Mgeta na Nyandira hushuka kutoka milimani kwenda sokoni, viungo vya Kinole na Matombo hupelekwa mijini, na mama lishe huwasha majiko kabla hakujapambazuka. Vijana wengi huondoka vijijini kwenda kupika katika nyumba za watu, migahawani na hotelini. Tumekwenda hadi Kenya kumtafuta Kamante kwa sababu maisha yake yanaonyesha mambo mawili kwa pamoja: jinsi mtu anavyoweza kuifanya kazi ya jikoni kuwa fani, na jinsi fani hiyo inavyoweza kumponyoka.

Mtoto wa maskwota

Kamante alizaliwa karibu mwaka 1912. Wazazi wake walikuwa maskwota, yaani Waafrika waliokuwa wakiishi na kulima vipande vya ardhi ndani ya mashamba ya walowezi. Ili waruhusiwe kubaki hapo, walitakiwa kumfanyia kazi mwenye shamba kwa siku 180 kila mwaka, kwa malipo madogo.

Shamba walilokaa akina Kamante lilikuwa la ekari 6,000, na lilisimamiwa na Karen Blixen, mwanamke kutoka Denmark aliyefika Kenya mwaka 1914. Siku moja akiwa amepanda farasi alimkuta Kamante malishoni. Baba yake mtoto huyo alikuwa amekwisha kufariki. Mwili ulikuwa umekonda sana, na miguu ilikuwa na vidonda kuanzia mapajani hadi visiginoni. Alionekana mdogo kuliko umri wake.

Mwanamke huyo alikuwa na kawaida ya kuwatibu watu wa shambani kila asubuhi kwa dawa alizokuwa nazo. Alijaribu kumtibu Kamante, lakini vidonda havikupona. Mwishowe alimpeleka hospitali ya misheni ya Waskoti. Kamante alikaa huko miezi 3, akarudi akiwa amepona na akiwa Mkristo. Tangu siku hiyo alihesabu kwamba nyumba ile ndiyo mahali pake pa kazi.

Kuingia jikoni

Hakuanza na sufuria. Kwanza alipewa kazi ya kutunza mbwa. Kisha akawa msaidizi wakati wa kutibu wagonjwa. Baadaye akawekwa jikoni kama mtoto wa kazi, chini ya mpishi mzee aliyeitwa Esa. Esa alipofariki, Kamante alishika nafasi yake, na akabaki mpishi mkuu wa nyumba ile hadi mwisho.

Mwenye nyumba mwenyewe aliupenda upishi. Aliporudi Ulaya kwa mara ya kwanza alijifunza kwa mpishi Mfaransa katika mgahawa maarufu wa Copenhagen, na mpishi huyo alifikia hata kumtaka waendeshe mgahawa pamoja. Hakukubali, akarudi Kenya na ujuzi huo. Hivyo Kamante alipata mwalimu aliyejua anachofundisha.

Lakini hakuishia kwa mwalimu mmoja. Alipelekwa kujifunza katika klabu ya Muthaiga ya Nairobi, ambako walowezi wakubwa walikuwa wakila. Pia, kila mwenye nyumba alipokula chakula kizuri kwa marafiki zake wa Nairobi, Kamante alitumwa kwa mpishi wa nyumba ile akajifunze. Walimu wake wengi, kwa hiyo, walikuwa wapishi wenzake. Alisimama kando ya majiko yao, akaangalia, akajaribu, akarudi na kitu kipya. Baada ya muda, meza ya nyumba ile ya shambani ikawa maarufu katika koloni zima.

Kuna jambo jingine ambalo wakulima wa mboga watalielewa. Kwa miaka mingi mwenye nyumba alitafuta mbegu nzuri ya saladi bila kuipata. Aliyeipata ni Kamante. Alikuwa na rafiki aliyefanya kazi kwa daktari mmoja mbali na hapo, na kupitia rafiki huyo mbegu ikafika shambani. Hakusubiri kuletewa vitu vya kupika. Alivitafuta mwenyewe.

Kichwa badala ya daftari

Mpishi wa siku hizi akisahau kipimo, hufungua daftari au simu. Kamante hakuwa na vyote viwili. Kitabu cha mapishi kisingemsaidia, kwa kuwa hakujua kusoma. Kila kitu alikiweka kichwani.

Njia yake ilikuwa ya ajabu kidogo, lakini ilifanya kazi. Kila pishi alilipa jina la jambo lililotokea siku aliyofundishwa. Ikiwa siku hiyo radi ilipiga mti, basi hiyo ikawa sosi ya radi. Ikiwa farasi wa kijivu alikufa, ikawa sosi ya farasi wa kijivu. Mgeni akisikia majina hayo angeshangaa, lakini Kamante hakuchanganya hata moja.

Kitu kimoja tu kilimshinda: mpangilio wa vyakula mezani. Wazungu wa wakati ule hawakuleta vyakula vyote kwa pamoja kama sisi tunavyoweka ugali, mboga na samaki kwenye sinia moja. Kwanza supu, halafu samaki, halafu nyama, kila kimoja kwa zamu yake. Kamante hakuona maana ya utaratibu huo. Basi kabla ya karamu mwenye nyumba alimchorea picha: bakuli la supu, kisha samaki, kisha kwale, na kuendelea. Kamante alizifuata picha hizo moja baada ya nyingine.

Mikono yake nayo ilikuwa na elimu yake. Alilipima yai kwa kulishika tu kiganjani na kujua limetagwa muda gani uliopita. Mwenye nyumba alimletea kifaa cha Ulaya cha kupigia mayai, lakini Kamante alikiweka pembeni. Alichukua kisu kilichotengenezwa kwa ajili ya kupalilia nyasi za bustani, akapigia ute wa mayai kwa kisu hicho, na ute ukapanda kama povu jeupe la sabuni.

Mpishi asiyependa alichopika

Mtu angedhani kwamba kijana huyu alikipenda chakula cha Kizungu. Hapana. Alipoonja alichopika, alikionja kwa mashaka, kama mtu anayeonja dawa. Yeye aliendelea na chakula cha kwao, hasa mahindi. Mara nyingine alipotaka kumfurahisha mwenye nyumba, alimletea kiazi kitamu kilichochomwa au pande la mafuta ya kondoo. Hiyo kwake ndiyo ilikuwa zawadi ya kweli.

Hapo pana somo kwa anayetaka kugeuza mapenzi ya chakula kuwa kazi. Kupenda kula ni jambo moja, na kupenda kupika kwa ajili ya mwingine ni jambo jingine. Kamante alipenda kazi yenyewe: kuchagua kuku aliyenona, kujua moto umefikia wapi, na kuona sahani ikirudi tupu. Baada ya ile karamu ya mwaka 1928 alisimuliwa jinsi sosi yake ilivyosifiwa. Miezi ilipita, na bado alitaka asimuliwe tena kwamba mtoto wa mfalme aliipenda na akaimaliza.

Mwaka 1931

Shamba la kahawa halikudumu. Nchi ya Ngong iko juu sana kwa zao hilo, mavuno yalikuwa haba, ukame na nzige vilikuja, na bei ikaanguka duniani. Madeni yakazidi. Mwaka 1931 shamba liliuzwa, mwenye nyumba akarudi Denmark, na mnunuzi akaanza kulikata viwanja. Sehemu hiyo leo ni mtaa wa Karen, Nairobi. Maskwota waliokuwa wakiishi pale walitakiwa kuondoka. Baada ya maombi mengi kwa serikali ya kikoloni, waliruhusiwa kuhamia pamoja kwenye eneo la hifadhi ya msitu wa Dagoretti.

Kamante alikuwa bado kijana, mwenye ujuzi ambao wapishi wachache Afrika Mashariki walikuwa nao wakati huo. Lakini alibaki bila kazi ya kupika. Alimtumia bosi wake wa zamani barua kwa msaada wa watu waliojua kuandika, akimweleza hali yake. Katika kitabu chake cha kumbukumbu za Kenya kilichotoka mwaka 1937, Karen Blixen alieleza kwa uchungu kwamba mpishi mkubwa yule sasa anatembea Ukikuyuni na watu wanamwona kama Mkikuyu mfupi wa kawaida tu.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Ujuzi ulikuwa wa Kamante, lakini sifa ilikuwa ya nyumba. Wageni waliposifu, walisema meza ya fulani ni nzuri. Nyumba ilipofungwa, sifa ikafungwa nayo. Hakuwa na hati yoyote ya kuonyesha alijifunza wapi na anaweza nini. Hakuwa na wateja wake mwenyewe. Tena aliishi katika koloni ambako Mwafrika asingeweza kufungua mgahawa wa kuwalisha wale wageni aliojua kuwapikia. Kosa halikuwa lake.

Jina linarudi

Kitabu kile kilisomwa katika nchi nyingi, na Kamante akawa mtu mashuhuri kwa wasomaji ambao hawakuwahi kula chakula chake. Miaka ya 1960 mpiga picha Mmarekani, Peter Beard, aliyekuwa amekutana na Karen Blixen huko Denmark, alimtafuta na kumpata. Kamante alikuja kuishi kwenye makao ya mpiga picha huyo karibu na Ngong. Hapo alisimulia maisha yake mwenyewe na kuchora picha, na mwaka 1975 masimulizi hayo yakatoka kama kitabu. Kwa mara ya kwanza habari za jikoni lile zilitoka kwa mpishi, baada ya miaka mingi ya kusimuliwa na mwenye nyumba peke yake.

Kamante alifariki mwaka 1985. Mwaka huohuo filamu iliyotokana na kitabu cha Karen Blixen ilionyeshwa, nayo ikapata tuzo 7 za Oscar. Mwaka uliofuata ile nyumba ya shambani ilifunguliwa kuwa jumba la makumbusho, na watalii huitembelea hadi leo.

Kwa mpishi wa leo

Msikilizaji unayepika kwa watu, au mzazi ambaye binti yako au kijana wako amekwenda mjini kufanya kazi jikoni, chukua haya machache kutoka kwa Kamante.

Jifunze kwa wengi. Usiridhike na mapishi ya nyumba moja. Mpishi mwenzako wa hoteli ya pili anajua kitu usichokijua.

Tunza unachokijua. Kamante alitumia kichwa kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Wewe una daftari na simu. Andika vipimo, piga picha ya chakula ulichopika.

Jali kinachoingia jikoni. Aliyetafuta mbegu ya saladi alielewa kwamba upishi huanza shambani. Sisi tunaokaa chini ya Uluguru tuna mboga na viungo jirani.

Na kubwa kuliko yote, hakikisha ujuzi wako una jina lako. Ukiondoka kazini, omba barua ya utambulisho inayoeleza ulifanya nini na kwa muda gani. Kama umejifunza kwa kufanya bila kukaa darasani, VETA ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mafunzo rasmi, na upishi ni mojawapo ya fani hizo. Ukiweza, kuwa na wateja wako hata wachache: sherehe moja, kikoba kimoja, sinia moja la vitumbua kila asubuhi.

Kamante Gatura alikuwa na ujuzi wa kutosha kumlisha mtoto wa mfalme, lakini nyumba aliyoifanyia kazi ilipofungwa, alirudi kwao mikono mitupu. Mpishi wa leo anaweza kurudi nyumbani akiwa na cheti mkononi na namba za wateja kwenye simu.