Madam C. J. Walker: dobi aliyeanza na kuosha, chanuo la moto likaja mwisho

Kila tunapogusa habari za nywele kwenye kipindi cha asubuhi, simu hazikatiki. Safari hii wengi walitaka kujua kama nywele zilizoungua kwa chanuo la moto zinaweza kupona, na zaidi ya msikilizaji mmoja alimtaja Madam C. J. Walker wa Marekani kuwa ndiye aliyevumbua chanuo hilo. Si kweli. Lakini maisha ya mama huyo yanaligusa swali lenyewe, kwa hiyo tumeona tuyaandike hapa kwa wale ambao kipindi kiliwapita.

Alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 huko Delta, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, akaitwa Sarah Breedlove. Wazazi wake, Owen na Minerva, walikuwa wametumikishwa kama watumwa kwenye shamba la pamba, na Sarah ndiye mtoto wao wa kwanza kuzaliwa utumwa ukiwa umekwisha. Alipofika miaka saba alikuwa yatima. Akalelewa na dada yake, akaolewa akiwa na miaka 14, akamzaa Lelia mwaka 1885, na miaka miwili baadaye akafiwa na mume. Akambeba mwanawe akaenda mji wa St. Louis, ambako kaka zake walikuwa vinyozi.

Huko alifua nguo za watu kwa miaka mingi. Mikono ndani ya beseni, mvuke usoni, ujira kama dola moja na nusu kwa siku. Kwa hela hiyo hiyo alihakikisha Lelia anakwenda shule.

Katika miaka hiyo nywele zake zikaanza kunyonyoka. Hakuwa peke yake. Nyumba nyingi za watu weusi hazikuwa na bomba, kwa hiyo kichwa kilioshwa mara chache sana, tena kwa sabuni yenye magadi makali. Chakula kilikuwa duni. Mba na vidonda vya kichwani vilikuwa jambo la kawaida, na nywele zikitoka kwenye ngozi inayougua hazikai. Msikilizaji anayechota maji mbali na nyumbani hahitaji kuelezwa sana.

Sarah alijaribu dawa za kila aina. Baadaye akawa wakala wa Annie Malone, mwanamke mweusi aliyekuwa akitengeneza na kuuza bidhaa za nywele. Mwaka 1905 akahamia Denver, na mwanzoni mwa 1906 akaolewa na Charles Joseph Walker, mtu aliyejua kazi ya matangazo ya magazeti. Hapo ndipo jina la Madam C. J. Walker lilipozaliwa, na biashara yake mwenyewe pia. Mwenyewe alisimulia kuwa alioteshwa dawa yake ya kukuza nywele. Kwa kweli viungo vyake vikuu vilikuwa mafuta ya mgando na salfa, vitu vilivyojulikana kwa tiba ya ngozi kabla yake, na bidhaa ya Malone ilikuwa inafanana nayo. Wawili hao wakabaki washindani.

Sasa tuje kwenye chanuo. Vyuma vya moto vya kutengenezea nywele vilikuwa vikitumika Ufaransa tangu karne ya 19. Walker alichofanya ni kuliingiza chanuo la chuma katika utaratibu wake, na utaratibu huo ndio wa kuuangalia. Kwanza kichwa kilioshwa. Kisha ngozi ikapakwa dawa na kusuguliwa. Nywele zikapakwa mafuta mepesi, na mwisho kabisa ndipo chanuo likapita. Alikerwa na kuitwa mnyoosha nywele, akisisitiza kuwa kazi yake ni kuzifanya ziote na ziwe na afya. Walikuwepo waliomshutumu kuwa anawafundisha wanawake weusi kuwaiga weupe. Sisi tunaona lawama hiyo haikuwa ya bure, maana chanuo lilileta wateja wengi, lakini anayemkumbuka kwa chanuo tu ameusahau mwanzo wa kazi yake.

Maana moto hautibu nywele. Unywele uliokwishatoka kichwani hauna uhai. Ni protini, kama ukucha. Moto wa kiasi huulegeza ukanyooka, na ukiguswa na maji hujikunja tena. Moto ukizidi, protini yenyewe huvunjika. Ukitaka kujua, lowesha nywele: pale panapobaki pamenyooka wakati kwingine kumejikunja, pameungua. Hakuna mafuta yatakayoparudisha. Mafuta husaidia nywele ziteleze zisikatike ovyo, lakini dawa yake ni kupunguza ncha kidogo kidogo huku ukisubiri mpya, ambazo huota kama sentimita moja kwa mwezi.

Chanuo la jiko la mkaa ndilo gumu zaidi, kwa sababu halina kipimo. Libonyeze kwanza kwenye kitambaa cheupe cha pamba. Kikibadilika rangi, subiri lipoe. Usilipitishe kwenye nywele mbichi, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kuzipasua kwa ndani. Usirudie pale pale mara tatu, nne. Na mafuta yasiwe mengi, maana yakichemka hutiririka hadi kwenye ngozi ya kichwa. Tunawajua wengi wenye kovu sikioni, na kila mmoja anaikumbuka siku yake!

Turudi kwa Madam Walker. Mwaka 1908 alifungua chuo Pittsburgh akakiita kwa jina la binti yake, na mwaka 1910 akahamia Indianapolis akajenga kiwanda. Maelfu ya wanawake wakawa mawakala wake, wengi wao wakitokea kwenye udobi na utumishi wa majumbani kama yeye. Mwaka 1917 zaidi ya 200 walikutana Philadelphia, na hawakuzungumza biashara tu. Walidai pia serikali ikomeshe mauaji ya watu weusi yaliyokuwa yakifanywa na makundi ya wahuni. Mwaka 1919 aliahidi dola 5,000 kwa ajili ya mapambano hayo.

Madaktari walikuwa wamekwisha kumwonya apumzike kwa sababu ya shinikizo la damu. Hakupumzika sana. Figo zikashindwa, akafariki tarehe 25 Mei 1919 nyumbani kwake Irvington, New York, akiwa na miaka 51. Lelia akairithi kampuni, na jengo lililofunguliwa kwa jina la mama yake mwaka 1927 bado limesimama Indianapolis.