John von Neumann: Mwanahisabati aliyefichua siri ya mchezo wa poka

MTU anayejifunza mchezo wa poka kwa mara ya kwanza huketi mezani akiwa na dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba mshindi ni yule aliyebahatika kupata karata nzuri. Ya pili ni kwamba kuzuga, yaani kuweka dau kubwa ilhali mkononi hakuna kitu, ni kipaji cha watu wenye uso mkavu na moyo wa ujasiri. Dhana zote mbili zilibomolewa na mtu mmoja, John von Neumann, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria aliyefariki dunia mwaka 1957 akiwa na umri wa miaka 53.

Jina lake hutajwa zaidi na wataalamu wa kompyuta na wanahistoria wa bomu la nyuklia. Ni wachache wanaokumbuka kwamba miongoni mwa kazi zake za awali ilikuwamo hesabu ya michezo ya mezani, na kwamba kila kitabu makini cha kumfundisha mgeni mbinu za poka leo kinasimama juu ya msingi aliouweka yeye.

Von Neumann alizaliwa Desemba 28, 1903, katika jiji la Budapest, wakati huo likiwa sehemu ya dola ya Austria na Hungaria. Baba yake, Miksa Neumann, alikuwa mwanasheria aliyefanya kazi ya benki, na mwaka 1913 alipewa hadhi ya ukabaila na mfalme. Mtoto huyo alisomeshwa nyumbani hadi alipotimiza miaka kumi, kisha akapelekwa katika shule ya sekondari ya Kilutheri ambako walimu waligundua upesi kuwa hisabati ya darasani haimtoshi.

Baba alihofia kwamba hisabati haitamlisha kijana wake. Suluhu ikawa kusoma mambo mawili kwa wakati mmoja. Mwaka 1926 von Neumann alihitimu uhandisi wa kemia katika chuo cha ufundi cha Zürich nchini Uswisi, na mwaka huohuo akapata shahada ya udaktari wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Budapest. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Bao na karata si ndugu

Desemba 1926, katika mji wa Göttingen nchini Ujerumani, kijana huyo aliwasilisha mbele ya wanahisabati hoja iliyochapishwa mwaka 1928 chini ya kichwa kinachohusu nadharia ya michezo ya burudani. Mfaransa Émile Borel alikuwa ameligusa jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1920, lakini hakuweza kutoa uthibitisho kamili. Von Neumann ndiye aliyeutoa.

Ili kuelewa uzito wa uthibitisho huo, yafaa kutofautisha michezo miwili. Mkazi wa Soweto, mjini Moshi, anayeketi kucheza bao au drafti baada ya kazi, huona kila kitu kilicho mbele yake. Kete zote ziko wazi, na mpinzani wake anaona anachokiona yeye. Akishindwa, ameshindwa kwa kuhesabu vibaya. Mchezo wa namna hiyo hauna nafasi ya uongo, kwa kuwa hakuna cha kuficha.

Katika poka hali ni tofauti. Kila mchezaji anajua karata zake tu, naye hulazimika kuamua kwa kukisia za mwenzake, huku mwenzake akimkisia yeye. Kabla ya mwaka 1928 wengi waliamini kwamba mchezo wa aina hiyo hauwezi kuingia katika hesabu, kwa vile makisio hayana mwisho: mimi nafikiri kuwa wewe unafikiri kuwa mimi nafikiri, na kuendelea.

Von Neumann alithibitisha kwamba makisio hayo yana mwisho. Katika mchezo wowote wa watu wawili, wenye idadi maalumu ya mbinu, ambamo anachoshinda mmoja ndicho hasa anachopoteza mwingine, kila mchezaji anao mpango bora ambao mpinzani hawezi kuuvuna hata akiujua wote. Sharti ni kwamba mpango huo mara nyingi huchanganya mbinu mbalimbali kwa viwango maalumu, bila utaratibu unaoweza kubashiriwa.

Kitabu cha mwaka 1944

Mwaka 1930 von Neumann alihamia Princeton, Marekani, na mwaka 1933 akawa miongoni mwa maprofesa wa kwanza wa taasisi ya utafiti wa juu ya mji huo, alikokuwapo pia Albert Einstein. Alipata uraia wa Marekani mwaka 1937. Huko Princeton alikutana na mchumi kutoka Austria, Oskar Morgenstern, na kwa pamoja wakaandika kitabu cha zaidi ya kurasa 600 kuhusu nadharia ya michezo na mwenendo wa uchumi, kilichochapishwa mwaka 1944. Sehemu nzima ya kitabu hicho inahusu poka. Machi 1946 gazeti la The New York Times liliipa habari ya nadharia hiyo nafasi katika ukurasa wake wa kwanza.

Somo la kwanza analolipata mgeni wa mchezo kutokana na mkondo huo wa fikra ni kuipima bei. Karata 52 zinaweza kutoa mikono 2,598,960 tofauti ya karata tano. Nusu ya mikono hiyo haina hata jozi moja, na asilimia 42 ina jozi moja tu. Kwa hiyo anayesubiri karata za ajabu atasubiri sana, huku fedha za kuingilia mchezo zikimtoka kidogo kidogo. Swali la kujiuliza si kama karata ni nzuri, bali kama nafasi ya kushinda inalingana na fedha anazotakiwa kulipa.

Mathalani, mchezaji amepata karata tano, nne zikiwa za kopa, naye anaruhusiwa kubadilisha moja. Akipata kopa ya tano atakuwa na mkono wenye nguvu. Kopa ziko 13. Nne anazo mwenyewe, hivyo zimebaki tisa miongoni mwa karata 47 asizoziona. Nafasi yake haifiki moja kati ya tano. Ikiwa mezani kuna Sh 3,000 na kubaki katika mchezo kunamgharimu Sh 1,000, anahitaji kushinda angalau mara moja kati ya nne. Anapaswa kutupa karata zake bila kinyongo. Ikiwa mezani kuna Sh 6,000, mara moja kati ya saba inatosha, anapaswa kulipa. Karata ni zilezile, uamuzi ni tofauti.

Somo la pili ndilo lililompa von Neumann sifa yake katika fani hii. Alipoufanyia hesabu mchezo wa poka uliorahisishwa, jibu lilionyesha kwamba mwenye mkono wenye nguvu aweke dau kubwa siku zote, na mwenye mkono dhaifu aweke dau dogo mara nyingi, lakini mara chache, bila mpangilio, aweke dau kubwa. Kuzuga kukawa kumetoka ndani ya hesabu yenyewe, bila kutaja tabia, uso wala ujasiri wa mtu.

Sababu yake inaweza kuonekana kwa mfano. Mezani kuna Sh 2,000 na mchezaji anaongeza dau la Sh 2,000. Mpinzani anayetaka kuziona karata zake lazima alipe Sh 2,000 ili apate nafasi ya kuchukua Sh 4,000. Ikiwa anazugwa mara moja katika kila madau matatu, mpinzani hapati faida wala hasara kwa kulipa. Anayezuga zaidi ya hapo atalipwa kwa kukamatwa. Asiyezuga kabisa ataona mpinzani akitupa karata kila anapoweka dau kubwa, na karata zake nzuri hazitamletea kitu.

Kutokana na hilo, faida ya mkwara haipo tu katika ule unaofanikiwa. Hata unaogunduliwa una kazi yake, kwa kuwa humfanya mpinzani asite kujiondoa siku ambayo karata nzuri zipo kweli.

Bingwa wa nadharia, mchezaji wa kawaida

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mtu aliyeyaweka wazi haya hakuwa tishio mezani. Akiwa Los Alamos, katika jimbo la New Mexico, ambako wanasayansi walitengeneza bomu la atomiki wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alicheza poka na wenzake kwa viwango vidogo vya fedha. Mwanafizikia Nicholas Metropolis alisimulia baadaye namna alivyomshinda dola kumi. Kwa dola tano alinunua kitabu cha von Neumann mwenyewe, na tano zilizobaki akazibandika ndani ya jalada kama kumbukumbu ya ushindi.

Hadithi nyingine inatoka Monte Carlo, nchini Monaco. Mke wake wa pili, Klára Dán, aliyefunga naye ndoa mwaka 1938, aliandika kwamba walipofahamiana katika kasino ya huko von Neumann alikuwa na mpango wa kuishinda ruleti. Fedha zilimwishia, na kinywaji walichokunywa kikalipiwa na Klára.

Hadithi hizo mbili hazifanani, na anayeanza kujifunza atafaidika kwa kuzitenganisha. Kwenye poka, mpinzani ni binadamu mwenzako. Hesabu sahihi inaweza kukupa faida baada ya michezo mingi, ingawa usiku mmoja bahati inaweza kumpendelea yeyote. Kwenye ruleti ya Ulaya, gurudumu lina nafasi 37 na anayeotea namba moja hulipwa mara 35 ya dau. Pengo hilo, takriban asilimia 2.7 ya kila dau, ni la kasino, na hakuna mpango wa kuweka dau unaoliondoa. Mashine za sarafu nazo hufuata kanuni hiyohiyo. Anayepeleka huko ada ya shule ya mtoto akidhani amepata mbinu, anashindana na hesabu iliyokwisha kufungwa. Hata poka ya kasino ina makato ya mwenye nyumba, hivyo aliye bora kidogo tu kuliko wenzake bado anaweza kurudi nyumbani mikono mitupu.

Mchezo usio na kujiondoa

Baada ya vita, fikra za michezo zilihamia katika ofisi za wapanga mikakati wa Marekani. Von Neumann alikuwa mshauri wa jeshi na wa shirika la utafiti la RAND, na mwaka 1955 aliingia katika Tume ya Nishati ya Atomiki. Alikuwa miongoni mwa waliounga mkono kuishambulia Urusi ya Kisovieti kabla haijawa na silaha nyingi za nyuklia. Wakosoaji wake walisema, na wangali wanasema, kwamba hapo ndipo mfano wa karata ulipofikia kikomo. Katika poka anachopoteza mmoja anakipata mwingine, na aliyeshindwa hurudi kesho. Katika vita vya nyuklia wote wanaweza kupoteza, na hakuna kesho. Mwaka 1950 watafiti wa RAND wenyewe walionyesha kwamba ipo michezo ambamo kila mmoja akifuata faida yake, wote huumia.

Mwaka 1955 von Neumann aligundulika kuwa na saratani. Mwaka uliofuata alipokea nishani ya heshima kutoka kwa Rais Dwight Eisenhower akiwa katika kiti cha magurudumu. Mtu aliyeishi kwa kupima uwezekano aliingiwa na hofu kubwa ya kifo, na akamwita padri wa Kanisa Katoliki awe karibu naye. Alifariki Februari 8, 1957, katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed mjini Washington, akazikwa Princeton.

Kazi aliyoianza ilikamilishwa na mashine ambazo muundo wake unabeba jina lake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kuwa kompyuta imepata mpango usioshindika kwa vitendo katika aina moja ya poka ya watu wawili yenye dau lenye kikomo. Mwaka 2017 programu iitwayo Libratus iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa mjini Pittsburgh katika michezo 120,000. Programu hizo hazina uso wa kukunja wala kukunjua, na zote zinazuga.

Kwa anayeanza, urithi wa von Neumann ni mdogo kwa maneno na mgumu kwa vitendo: kutupa karata nyingi kuliko moyo unavyotaka, kupima bei kabla ya kulipa, kutocheza kwa namna inayobashirika, na kutoweka mezani fedha zenye kazi nyingine. La mwisho halimo katika kitabu cha mwaka 1944, ila dau la dola kumi la Los Alamos linaonyesha kwamba mwenyewe alilizingatia.