Padri Sebastian Kneipp

Sebastian Kneipp alizaliwa mwaka 1821 katika kijiji cha Stephansried, katika Ujerumani. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, maskini sana. Sebastian naye alifuma nguo tangu utoto, lakini moyoni alitamani kuwa padri. Akaweka fedha kidogo kidogo kwa ajili ya masomo. Siku moja nyumba yao ikaungua, na akiba yote ikateketea. Sebastian hakukata tamaa. Padri mmoja, Matthias Merkle, alimhurumia, akamfundisha Kilatini.

Alipokuwa masomoni, ugonjwa wa kifua ukamshika. Akadhoofu sana, na waganga hawakuweza kumponya. Je, mtu mgonjwa hivi atapewaje upadri? Ndipo alipokuta kitabu cha mganga wa zamani, Johann Siegmund Hahn, juu ya nguvu ya maji baridi. Mwaka 1849, wakati wa baridi kali, alikimbia mpaka mto Danube, akaingia majini kwa nukta chache tu, akatoka, akarudi mbio. Akafanya hivyo mara mbili tatu kila juma. Pole pole nguvu zikamrudia. Mwaka 1852 akapewa upadri.

Mwaka 1855 alitumwa Wörishofen kuwaungamisha masista wa Mtakatifu Dominiko. Huko wagonjwa wengi walimjia, matajiri na maskini. Aliwamwagia maji baridi miguuni, akawatembeza pekupeku katika majani yenye umande, akawapa dawa za miti na chakula kisicho cha anasa. Waganga wengine walimshtaki, lakini yeye hakuwafukuza wagonjwa wake. Mwaka 1886 alitoa kitabu juu ya matibabu yake. Mwaka 1893 Baba Mtakatifu Leo XIII alimpa heshima ya Monsinyori. Alikufa mwaka 1897.

Watoto, msijitupe mtoni mkiwa wagonjwa! Maji baridi hayaui vijidudu vya kifua kikuu. Siku hizi dawa yake ipo. Mwenye kukohoa siku nyingi aende hospitali, ameze dawa mpaka mwisho. Lakini tumfuate Padri Kneipp katika mambo haya: tuoge, tutembee, tule kwa kiasi, tusimfukuze mgonjwa.

Maswali
1. Fedha za Sebastian zilipoteaje?
2. Padri Kneipp aliwatibu wagonjwa namna gani?
3. Mtu mwenye kukohoa siku nyingi afanye nini?